Kapteni aliyeduwaa Liuli

Wiki hii kuna neno la Kiingereza limenikaa kichwani: "nonplussed". Kamusi zinasema ni kushikwa na bumbuwazi, lakini asili yake ndo tamu. Linatoka kwenye Kilatini, non plus, yaani "si zaidi", na Waingereza wanalo tangu karne ya 16. Ilikuwa hali ya mtu kufika mahali hana la kuongeza, si neno wala hatua. Kwa hiyo siyo ule mshangao wa "mamaa!". Ni wa kuishiwa. (Wamarekani wengi siku hizi wanalitumia kinyume, kwa mtu asiyetikisika. Tukienda kufundisha, tutakoma!)

Sasa sisi wa Historia tuna mfano wetu hukuhuku Ruvuma. Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, zamani Mbinga na tangu 2012 wilaya ya Nyasa. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe linalofanana na ile sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni wake, Berndt, alikuwa mnywaji mwenza wa Rhoades, kapteni wa Gwendolen ya Waingereza. Siku hiyo Gwendolen ikatokea na kuanza kupiga mzinga! Inasimuliwa kwamba Berndt alipanda kidau akaifuata huku akifoka, akamuuliza rafiki yake kama amelewa. Kumbe Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani tangu tarehe 4. Habari ilimfikia mmoja, mwenzake haikumfikia. Akachukuliwa mateka palepale. Angeongeza nini? Hiyo ndo non plus yenyewe.

London wakashangilia ushindi wa majini, na wasimuliaji wengi huishia hapo, kwenye kicheko. Mimi hapo ndo nakereka. Watu wa Liuli je? Maji Maji ilikuwa imeisha 1907 tu, na kule Songea viongozi wa Wangoni walinyongwa 1906. Ghafla, mizinga tena, toka ziwani, Mzungu kwa Mzungu. Berndt walau alikuwa na wa kumfokea. Miaka iliyofuata wanaume wa pande zote mbili za ziwa walibebeshwa mizigo ya majeshi ya vita hiyohiyo, na maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao. Kapteni tunamjua kwa jina. Wapagazi wengi hata kaburi hawana.