Hadithi na Mchezo wa Kuigiza wa Watoto katika Unguja

Ni desturi kuanza historia ya mchezo wa kuigiza kwa jukwaa, pazia na kitabu. Kwa kipimo hicho watoto wa Unguja wangehesabiwa kuwa wanafunzi tu wa sanaa iliyoletwa kutoka ng'ambo. Lakini vitabu viwili vilivyotokana na kazi ya mtu mmoja, kimoja cha mwaka 1867 na kingine cha mwaka 1870, vyaonyesha jambo jingine: mchezo wa kigeni ulifika Unguja ukiwa umevaa sura ya hadithi, na hadithi ya Unguja ilikuwa tayari nusu yake ni mchezo.

Askofu William Tozer na Edward Steere wa misheni ya Kiingereza walifika Unguja mwaka 1864. Sultani Majid bin Said aliwakabidhi wavulana watano waliokombolewa utumwani, nao wakawa wanafunzi wa kwanza wa misheni. Watoto hao walikuwa wamenyang'anywa wazazi na makwao, na Kiswahili kilikuwa kwao lugha ya kujifunza ukubwani mwa dhiki. Walihitaji vitabu vya kusoma, na baadhi ya vijana wa misheni wakafunzwa kazi ya kupiga chapa.

Mwaka 1867 Steere alitoa "Hadithi za Kiingereza". Asili ya kitabu hicho ni kile ambacho Charles Lamb na dada yake Mary walikitoa mwaka 1807 kwa ajili ya watoto wa Uingereza, wakigeuza michezo ya Shakespeare kuwa visa vya nathari. Hivyo basi Shakespeare aliingia katika Kiswahili karibu miaka mia moja kabla ya tafsiri ya "Julius Caesar" ya Julius Nyerere, iliyotoka mwaka 1963. Lakini aliingia bila ya wachezaji. Kilichoachwa ni kusemezana kwa watu jukwaani. Kilichobaki ni kisa.

Kitabu cha pili, kilichochapwa London mwaka 1870, ni mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Katika utangulizi wake Steere aeleza jambo lenye uzito: kwamba hadithi nyingi zina kibwagizo ambacho wote waliopo hukiimba pamoja, na mara nyingi mifupa ya hadithi imo ndani ya nyimbo hizo, na msimuliaji huziunganisha kwa maneno anayoyatunga papo hapo.

Mfano ulio wazi ni hadithi ya Sultani Majnuni. Paka wa sultani aliachiwa kula mifugo, kisha watu, hata akawa dubwana liitwalo Nunda. Mwana mdogo wa sultani, aliyedharauliwa na watu, ndiye atokaye kumwinda. Kila anapoua mnyama humleta kwa mama yake na kumwuliza kwa wimbo kama huyo ndiye Nunda. Naye mama humjibu kwa wimbo kwamba siye. Swali na jibu hurudiwa mara nyingi, na kila mara mnyama ni mwingine.

Hapa sehemu za wachezaji zimekwisha kugawanywa. Msimuliaji asemapo "Paukwa", watoto huitika "Pakawa". Na ufikapo wimbo, sauti zao huingia ndani ya kisa chenyewe. Wimbo ndio ulio thabiti, maelezo hubadilika. Katika mchezo wa kitabuni ni kinyume chake: maneno yote yamefungwa, na mtazamaji hunyamaza.

Zaidi ya miaka mia baadaye, waandishi wawili waliozaliwa Unguja waliifuata njia hiyo kwa kurudi kinyumenyume, kutoka hadithini hata jukwaani. Farouk Topan alitoa "Mfalme Juha" mwaka 1971, na jina lenyewe lakumbusha mjinga maarufu wa ngano za Waarabu. Said Ahmed Mohamed katika "Kivuli Kinaishi" cha mwaka 1990 aliichukua Giningi, nchi ya wachawi katika masimulizi ya watu wa pwani, akaifanya mahali pa kuhukumia utawala wa watu.

Tangu mwaka 1998 Tamasha la Filamu la Zanzibar limeutumia uwanja wa wazi wa Ngome Kongwe, na maonyesho yake yamepelekwa pia vijijini. Mahali pa kuchezea, basi, hapakosekani. Kinachoweza kukosekana ni mwitikio. Hadithi iliyopigwa chapa huhifadhi sauti ya msimuliaji, lakini ile ya watoto huandikwa kama wimbo mfupi tu, na msomaji wa peke yake huupita upesi. Kikundi chochote cha watoto kitakachoanza kwa kukariri maneno ya wakubwa kitakuwa kimeanza katikati ya njia. Mwanzo wake ni pale mtoto alipoulizwa kwa wimbo, naye akajua la kujibu.