Samaki wa Dhahabu: Kutoka Bwawani hadi Chomboni

Samaki wa dhahabu, aitwaye jinyu na Wachina, asili yake ni samaki wa mtoni, wa kijivu, jamaa ya kapi. Mara chache huzaliwa miongoni mwake mmoja mwekundu. Katika enzi ya Song (960–1279) wekundu hao walitengwa na kufugwa katika mabwawa ya mahekalu na ya wakuu. Humo rangi ilidumu, lakini umbo halikubadilika sana, maana samaki mzito, wa mkia mpana, ni windo rahisi la ndege.

Mageuzi makubwa yalikuja enzi ya Ming (1368–1644), samaki alipoingizwa nyumbani na kuwekwa katika mitungi mipana ya udongo. Mnamo 1596 Zhang Qiande aliandika kitabu kizima juu yake, akimwita kwa rangi yake nyekundu wala si kwa dhahabu. Jambo lisilomshangaza msomaji aliyezoea Kifaransa, ambacho nacho humwita samaki mwekundu. Chombo kilimwezesha mfugaji kumtazama kila samaki peke yake, kumteua huyu na kumtupa yule. Na kwa kuwa udongo hauonyeshi kilicho ndani, samaki alitazamwa kutoka juu: ndiyo maana mikia miwili iliyotanda, kiwiliwili kifupi na, baadaye, macho yaliyotokeza vikathaminiwa mno.

Lakini chombo hichohicho kilichomlinda kiligeuka hatari. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, na katika maji machache sumu hiyo hujikusanya upesi. Bakuli la kioo la Ulaya, zuri kwa macho, lilikuwa baya kuliko mtungi, kwani mdomo wake mwembamba huzuia hewa. Mkemia Robert Warington, wa London, alieleza mnamo 1850 jinsi alivyowaweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa majini. Majani yaliyooza yalichafua maji. Akaongeza konokono wayale, na maji yakatakata.

Mfugaji wa leo hutumia chujio lenye bakteria wanaoigeuza amonia, na hubadilisha sehemu ya maji kila juma. Samaki wa umbo la kawaida akitupwa mtoni huweza kuishi, na vizazi vyake hurudia ukijivu wa asili. Yule wa macho yaliyotokeza hamwoni hata ndege anayemjia.