Ajali Haina Kinga? Vifo vya Barabarani Uingereza Tangu 1926



Miaka michache iliyopita niliamshwa alfajiri na simu kutoka kwetu Tanga. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 23, kagongwa na lori akiwa juu ya bodaboda yake. Kofia hakuvaa. Nilipofika matangani, kila aliyenipa mkono aliniambia neno lile lile: ajali haina kinga. Niliitikia tu, msiba si pahala pa kubishana. Lakini neno hilo halijanitoka, na leo naomba nilipime kwa takwimu za huku Uingereza ninakoishi. Wenzetu hawa (bila kuhesabu Ireland ya Kaskazini) wamekuwa wakiandika idadi ya wanaokufa barabarani tangu 1926.

Mwaka huo walikufa watu 4,886, na magari hayajafika hata milioni mbili. Mwaka 1941 walikufa 9,169, idadi ambayo haijapitwa mpaka leo. Hivi kwa nini? Petroli ilikuwa ya mgao na magari yalikuwa yamepungua! Kilichoua ni giza: taa zilizimwa usiku ili ndege za Wajerumani zisione miji, na wengi waliogongwa ni waenda kwa miguu. Baada ya vita idadi ilishuka, ikapanda tena hadi 7,985 mwaka 1966. Mwaka 2023 walikufa 1,624, na magari sasa yamepita milioni 40.

Kilicholeta tofauti hiyo kinajulikana. Mwaka 1935 ziliwekwa sheria za mwendo wa maili 30 kwa saa mijini na mtihani wa udereva. Mwaka 1967 dereva akaanza kupimwa ulevi kwa pumzi, 1973 kofia ya pikipiki ikawa lazima, na 1983 mkanda kwa wakaao viti vya mbele. Hospitali nazo na magari yenyewe yakawa bora. Tena msidhani watu walikubali kirahisi. Kuhusu mkanda walibishana miaka mingi, wengine wakidai uhuru wao unaingiliwa.

Sasa tutazame nani hasa aliyeokoka. Watoto wamenusurika kuliko wote: zamani walikufa kwa mamia kila mwaka, siku hizi hawafiki 60. Lakini tusishangilie haraka. Mayer Hillman na wenzake walionyesha kwamba mwaka 1971 asilimia 80 ya watoto wa Kiingereza wa miaka 7 na 8 walikwenda shule bila mtu mzima. Kufikia 1990 walikuwa asilimia 9 tu. Kwa hiyo sehemu ya usalama huo imepatikana kwa kumwondoa mtoto njiani, si kwa kulipunguza kasi gari.

Wazee nao, kwa kuwa miili yao haistahimili kishindo, wanakufa kupita sehemu yao katika jamii.

Na wanaume? Hapo ndipo pagumu. Vifo vimepungua kwa jinsia zote mbili, lakini pengo limebaki. Mwaka 2023, katika kila wanne waliokufa, watatu walikuwa wanaume. Wapanda pikipiki, ambao ni sehemu ndogo sana ya wasafiri, walikuwa karibu moja ya tano ya waliokufa, na takriban wote wanaume. Sababu si kwamba wanaume wanasafiri zaidi tu. Kuna mwendo kasi, kuna ulevi, na kuna ile tabia ya kutaka kuonekana shujaa.

Kijana wetu alikuwa mwanamume, wa umri ule, juu ya chombo kile. Ulimwenguni kote ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Kudra siipingi. Lakini mauti yanayochagua umri na jinsia namna hii, na yanayopungua sheria ikisimamiwa, yana kinga. Nikirudi matangani safari nyingine, na Mungu apishe mbali, nadhani sitaitikia tena.