Svante Pääbo na vita dhidi ya uchafu katika DNA ya kale

SVANTE Pääbo, mwanasayansi wa Uswidi aliyetuzwa peke yake Nobel ya Tiba mnamo Oktoba 2022, ndiye mwasisi mkuu wa taaluma ya kusoma DNA ya viumbe waliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Wengi humhusisha na Waneanderthali, binadamu wa kale waliotoweka yapata miaka 40,000 iliyopita. Hata hivyo, kibarua kilichomla miaka mingi kilikuwa kuthibitisha kwamba DNA aliyoisoma haikuwa yake mwenyewe.

Pääbo alizaliwa jijini Stockholm mnamo Aprili 20, 1955. Mamake, Karin Pääbo, alikuwa mwanakemia mzawa wa Estonia. Babake, Sune Bergström, alipata Nobel iyo hiyo mwaka wa 1982.

Akiwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Uppsala, alitafiti virusi mchana na kushughulikia Misri ya kale kwa siri nyakati za usiku. Ili kujua iwapo DNA yaweza kustahimili ukaushaji, alinunua ini la ndama na kulikausha katika joto la maabara, hadi harufu ikakaribia kumfichua. Kisha akageukia mumia zenyewe (neno lenye nasaba moja na mumiani wa kutishia watoto). Mnamo 1985 jarida la Nature lilichapisha taarifa yake kuhusu DNA ya mtoto wa Misri aliyefariki miaka 2,400 hivi iliyopita.

Makala hayo yalimpa jina. Baadaye alikiri kwamba huenda DNA ile ilikuwa ya mtu wa siku hizi.

Kiini cha tatizo ni hiki. Mtu afapo, DNA yake hukatikakatika, nayo bakteria hujaa mifupani. Tone la mate la mtafiti laweza kuwa na DNA nyingi kuliko mfupa mzima, na mbinu ya kunakili DNA iliyobuniwa mwaka wa 1983 haichagui: hunakili iliyo nzima kwanza. Ndiyo maana miaka ya 1990 ilizuka minong'ono ya DNA ya dinosau. Mnamo 1995 Pääbo na wenzake walionyesha kwamba "dinosau" mmoja alifanana mno na binadamu.

Baada ya kufanya kazi na Allan Wilson kule California, alihamia Munich mwaka wa 1990. Huko alijenga vyumba safi vyenye taa za kuua vijidudu na kuwavika wasaidizi wake mavazi ya kujifunika. Mnamo 1997 kikosi chake kilisoma sehemu ya DNA ya mitokondria kutoka kwa mfupa wa Mneanderthali uliopatikana Ujerumani mwaka wa 1856. Hakikutangaza matokeo kabla ya maabara nyingine, nchini Marekani, kuyarudia na kupata jibu lile lile. Kwa maoni yetu, subira hiyo ndiyo sifa yake kuu.

Mwaka uo huo alijiunga na taasisi mpya ya Max Planck mjini Leipzig. Huko, mnamo Mei 2010, rasimu ya jenomu ya Waneanderthali ilitolewa, hasa kutoka kwa mifupa ya pango la Vindija, Croatia. Ilibainika kuwa kati ya asilimia 1 na 4 ya jenomu ya watu wenye asili ya nje ya Afrika ilitokana nao. Mwaka huo huo, kipande cha mfupa wa kidole kutoka Siberia kilifichua jamii isiyojulikana, Wadenisova.

Urithi huo si hadithi tu. Mnamo 2020, Pääbo na Hugo Zeberg waligundua kwamba kipande cha DNA kinachozidisha makali ya Covid-19 kilitoka kwa Waneanderthali. Ni cha kawaida Asia Kusini, lakini ni adimu mno Afrika.

Joto la nchi zetu huharibu DNA upesi kuliko baridi ya Siberia, hivyo Afrika ilichelewa kufaidi mbinu hizi. Machi 2023, David Reich, aliyeshiriki kazi ya 2010, mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na wenzao walitoa matokeo ya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya Waswahili, ikiwemo Mtwapa na Kilwa, na bara. Wengi wa watu wa miji hiyo walirithi zaidi ya nusu ya nasaba yao kutoka Afrika, hasa kwa akina mama; sehemu ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi.