Maikrofoni Moja Haisikii Ukumbi Mzima

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilifungua jumba la sanaa la Fogg. Ndani yake mlikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara, ambao haukufaa kwa mihadhara. Neno moja la mhadhiri lilivuma kwa takriban sekunde tano na nusu kabla ya kutoweka, na kufikia hapo alikuwa amekwisha kutamka mengine mengi. Wanafunzi waliambulia mvumo mtupu.

Rais wa chuo, Charles Eliot, alimkabidhi kazi ya kuurekebisha Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia mwenye umri wa miaka 27. Maikrofoni ya kupimia haikuwepo wakati huo. Sabine alitumia bomba la kinanda lililotoa mitetemo 512 kwa sekunde, chombo cha kurekodi muda, na masikio yake mwenyewe. Alifanya kazi usiku wa manane, mji ulipotulia, akiazima mito ya viti kutoka ukumbi jirani wa Sanders na kuirudisha asubuhi.

Kazi hiyo ilimfunza kwamba mpimaji naye ni sehemu ya chumba. Mwili na nguo zake zilifyonza sauti. Takriban vipimo 3,000, jasho la miezi miwili, vilitupwa kwa sababu hakuwa ameandika alivaa nini. Tangu hapo alivaa mavazi yaleyale kila alipopima. Kanuni aliyoipata mwaka 1898 ndiyo iliyoongoza ujenzi wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900 na ambao ungali unasifiwa na wanamuziki.

Mwaka 1916 Edward Wente, wa kampuni ya Western Electric, alibuni maikrofoni ya kondensa, iliyoweza kupima nguvu ya sauti kwa uhakika. Sikio likapata msaidizi, lakini swali likabaki: chombo hicho kiwekwe wapi?

Sauti inapogonga ukuta hurudi na kukutana na ile inayokuja. Mahali pengine mawimbi huongezana, mahali pengine hufutana. Sauti nzito ya mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa takriban mita 3.4. Maikrofoni iliyowekwa ukutani huipokea kwa nguvu. Ikisogezwa sentimita 85 tu, sauti hiyohiyo yaweza kukaribia kupotea. Fundi wa spika anayeamini kipimo cha mahali hapo pekee ataongeza besi ambayo haikupungua, na wanaoketi kwingine wataumia masikio.

Majumba ya sinema yalilizingatia jambo hilo. Mfumo wa THX, ulioanzishwa mwaka 1983 katika kampuni ya Lucasfilm na kusimamiwa na Tomlinson Holman, ulitumia maikrofoni kadhaa zilizotawanywa kwenye eneo la viti, na vipimo vyake vikatafutiwa wastani. Mafundi huziweka usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, mbali na kuta.

Hata wastani una mipaka yake. Pale mawimbi yanapofutana, kuongeza nguvu ya umeme hakusaidii, kwa kuwa wimbi linalorudi nalo huongezeka vilevile. Dawa ni kuisogeza spika, au kuweka ukumbini vitu vinavyofyonza sauti, kama alivyofanya Sabine kwa mito ya kuazima.