Kaburi la Mkomani na injili ya "mimi"

Ujumbe wa leo ni mrefu. Kama uko kwenye feri au kwa matatu, usome polepole, na usiponimaliza leo nimalize kesho.

Wengi wenu mlikuwa kwenye kesha letu la mwezi uliopita. Mnakumbuka mgeni wetu alivyopanga watu mistari: wa elfu kumi mbele, wa elfu tano nyuma yao, wa elfu moja karibu na mlango. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nikasema amina. Siku nne baadaye mama mmoja wa kanisa letu, anayeuza viazi karai hapa Likoni, alinijia akaniuliza kwa upole, "Pasta, ile mbegu huota baada ya siku ngapi? Mwenye nyumba amekuja mara mbili." Sikuwa na jibu. Pesa ya kodi yake niliiombea mimi mwenyewe, mkono juu ya kikapu.

Wiki ile usingizi ulinikataa. Ijumaa nikavuka, nikapanda matatu ya Kisauni, nikaenda hadi Mkomani, kwenye kaburi la Rosine Krapf. Nililisoma habari zake chuo cha Biblia miaka mingi iliyopita, nikapata alama zangu, nikasahau.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Walikuwa wametoka Habeshi, ambako walifukuzwa na ambako walizika mtoto wao wa kwanza njiani. Hapa Mombasa hawakumaliza hata miezi mitatu. Julai 1844 Rosine alijifungua binti, na homa ikamshika. Krapf naye alikuwa kitandani na homa hiyo hiyo. Mama akafa tarehe 13, na mtoto akamfuata baada ya siku chache.

Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, si kisiwani, ili watu wanaopita waone kaburi na kukumbuka kilichowaleta. Ndiyo maana yuko Mkomani. Na Krapf, akiwa bado mgonjwa, aliwaandikia waliomtuma kwamba sasa kuna kaburi katika pwani hii, na kwamba hiyo ni ishara kazi imeanza. Nilisimama pale nikajiuliza: mimi ningeandika nini? Pengine ningeandika nirudishwe nyumbani, au ningefunga siku saba kumtafuta adui aliyeniroga.

Wala msidhani baadaye mambo yalimnyookea. Johannes Rebmann alimfikia mwaka 1846, wakapanda Rabai wote wawili wakitetemeka kwa homa. Huko Rabai, baada ya miaka kadhaa, matunda yao yalikuwa nini? Mtu mmoja anaitwa Mringe, kiwete, maskini, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa. Huyo ndiye mshirika wa kwanza. Hakuwa na fungu la kumi la kuleta. Hangeweza kusimama hata kwenye mstari wa elfu moja.

Rebmann ndiye ananisumbua zaidi. Krapf alirudi Ulaya, akaendelea na kamusi yake ya Kiswahili ambayo ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Rebmann alibaki. Alikaa miaka 29. Alimzika mkewe Emma hapa. Macho yakapofuka. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa hawezi kuona njia, na mwaka uliofuata akafariki kwao. Mgeni yeyote aliyekwenda kumtembelea Rabai alikuta Wakristo wachache mno. Kwa kipimo chetu cha leo, mtu huyo "hana upako". Nani angemwalika kwenye kongamano? Nani angeweka picha yake kwenye bango pale Changamwe mzunguko?

Nasema hivi bila kuwapaka wazungu rangi nyeupe zaidi ya waliyozaliwa nayo. Mwaka 1875 CMS ilianzisha Frere Town kule Kisauni kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na ile kengele ya hatari ndiyo imetupa jina la stegi ya Kengeleni. Lakini miaka michache tu baadaye kulikuwa na kashfa ya watu waliochapwa viboko humo humo ndani ya misheni. Ubinafsi haukuanza na televisheni.

Na kazi kubwa haikufanywa na wazungu peke yao. William Jones alikuwa mtoto wa utumwa, akakombolewa, akasomeshwa India, akarudi Mombasa mwaka 1864. Mwaka 1885 alisafiri na Askofu Hannington kuelekea Uganda. Askofu alimwacha na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wapatao 50, na huko Busoga wakauawa karibu wote. Jones ndiye aliyeurudisha msafara kwa miguu hadi Rabai, mapema 1886, wakiwa wamebeba bendera ya buluu yenye neno moja, Ikabodi. Soma 1 Samweli 4. Kisha Jones akaendelea kuwachunga watumwa waliotoroka na kukimbilia Rabai, huku waliojiita mabwana wao wakiwadai, mpaka mwanzo wa 1889 watu zaidi ya elfu moja walipopewa hati za uhuru.

Sasa, sisi Wapentekoste tuna mizizi yetu pia hapa hapa. Mwaka 1957 T. L. Osborn alihubiri Mombasa, wagonjwa wakaombewa, na kijana Joe Kayo akaokoka, ndiye baadaye aliyeanzisha Deliverance Church. Mimi siombi msamaha kwa kuamini uponyaji. Mungu anaponya, na wengine wenu ni mashahidi. Lakini mafundisho ya kumpa Mungu pesa kama mbegu ili akulipe mavuno yaliingia kwetu kutoka Marekani. Oral Roberts alitoa kitabu chake juu ya jambo hilo mwaka 1970, halafu yakaja kwa kaseti, kwa vitabu, kwa televisheni. Taratibu maombi yakageuka. Zamani tuliuliza Bwana anataka nini. Siku hizi tunamtajia tunachotaka sisi, na tunamwekea tarehe. Paulo alimwonya Timotheo kwamba siku za mwisho watu watajipenda wenyewe na kupenda fedha, na tena wana sura ya utauwa. Mimi nilidhani anasema watu wa nje. Ile 2 Timotheo 3 inahusu watu walio na wimbo mdomoni.

Nimepitia daftari langu la mahubiri ya mwaka huu. Msalaba, kwa maana ya Luka 9:23, nimeuhubiri mara mbili. "Msimu wako umefika" nimeihubiri mara kumi na moja.

Yule mama nimemrudishia pesa yake kutoka mfukoni mwangu, na wazee wa kanisa wanajua. Sehemu ya sadaka ya usiku ule aliondoka nayo mgeni, kwa makubaliano niliyofanya mimi, kwa hivyo msimlaumu yeye pekee. Kama wewe pia ulitoa kodi, karo au pesa ya dawa usiku ule, njoo ofisini Jumanne hadi Alhamisi jioni. Hutaulizwa maswali. Itachukua muda kuwamaliza wote, lakini nitaanza na wenye karo.

Jumamosi hii tunaenda Mkomani. Tukutane feri upande wa Likoni saa mbili asubuhi. Bebeni maji na nauli ya kwenda na kurudi. Hakutakuwa na sadaka.