Kipenyo cha Kikalio

Matairi mawili yanaweza kuandikwa inchi 26, na bado la kwanza lisiingie kwenye ringi ya la pili. Mafundi wa karakana za jamii, kama ile ya Bikes Not Bombs ya Boston, wanalijua hili vizuri, kwa sababu baiskeli wanazoletewa ni za kila umri na zimetoka viwanda vya kila aina. Kipimo kinachowatoa kwenye utata huo ni kipenyo cha kikalio.

Kila tairi lina kingo mbili, na ndani ya kila ukingo kuna waya au nyuzi ngumu zisizovutika. Tairi likijazwa upepo, kingo hizo hukaa juu ya bega lililo ndani ya ringi. Bega hilo ndilo kikalio. Upana wa duara lake, ukipimwa kwa milimita kwa kupita katikati ya ringi, ndio kipenyo cha kikalio.

Kwa Kiingereza ukingo wa tairi hupewa jina la ushanga. Tukitafsiri neno kwa neno, tutampa mwanafunzi wa ufundi picha ya kitu kisichokuwemo kwenye tairi. Kikalio ni mahali pa kukalia, na hiyo ndiyo kazi ya bega la ringi.

Inchi zilikusudiwa kutaja kitu kingine: kimo cha gurudumu zima likiwa na tairi lake. Tairi nene lilihitaji ringi ndogo ili gurudumu lifikie kimo kilekile, na tairi jembamba likahitaji ringi kubwa. Ndiyo maana tairi la 26 la baiskeli za milimani lina kikalio cha 559, ilhali la baiskeli nyingi kuukuu za Uingereza, lililoandikwa 26 x 1⅜, ni 590. Milimita 31 haziwezi kulazimishwa.

Hatari zaidi ni tofauti ndogo. Tairi la 590 huingia kirahisi kwenye ringi ya 584, lakini likijazwa upepo linaweza kuchomoka. Tyubu huvutika na kusamehe, waya hausamehi.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 5775 kinataka tairi litajwe kwa namba mbili. Katika 37-622, 37 ni unene na 622 ni kipenyo cha kikalio. Karakana iliyojipanga vizuri hutundika matairi kwa kufuata namba ya pili, na ringi yenye kipimo adimu, kama 597 ya baadhi ya baiskeli za zamani za Schwinn, huhifadhiwa pamoja na tairi lake.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito. Baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 tuliyoizoea hutumia 635, na baiskeli nyingi za mitumba kutoka Ulaya, nazo zikiitwa za 28, ni 622. Ukibadilisha gurudumu zima, ringi inashuka milimita sita na nusu, na breki haziigusi tena panapostahili.

Kwa hiyo mteja akiomba tairi la 28, muuza vipuri amuulize kwanza: kikalio chake ni 622 au 635?